Mrejesho: kamera nane za Bamburi
Ndugu zangu, nilipolalamika kwamba mwenye duka la jumla kule Bamburi, Mombasa, niliyekuwa nikimfungia kamera nane za usalama, aliongeza mahitaji kila siku bila kuongeza malipo, mlinishauri nisimamishe kazi hadi tuandikiane. Nilifanya hivyo. Tulizunguka jengo pamoja, nikachora mahali pa kila kamera, naye akatia sahihi na kulipa nusu ya salio. Kamera ya tisa aliyoitaka langoni, ambako waya wa mtandao ungezidi kikomo chake cha mita 100 na kuhitaji swichi ya katikati (kifaa cha kupokea mawasiliano na kuyapeleka mbele), ikapangiwa bei yake. Kosa moja lilikuwa langu: viungio vya waya vya nje sikuviziba vizuri, na kwa chumvi ya upepo wa bahari viwili vilikwisha kuota kutu ya kijani, nikavibadilisha kwa gharama yangu. Nilikabidhi kazi Ijumaa.