Mabasi ya Mtwara–Dar: mkijua maji yamekata njia, tiketi mnatukatia za nini?

Wakuu, nimefika salama lakini nina hasira. Nataka hili lisomwe na kila anayepanda basi kutoka Mtwara, Masasi, Newala au Lindi kwenda Dar kipindi hiki cha mvua.

Tumetoka Mtwara jua linachoma. Mingoyo wingu zito, Mchinga mvua ikatupiga mpaka dereva akawasha taa mchana, Kiranjeranje pakavu kabisa, watu wameanika mihogo yao. Abiria tukaona mambo shwari. Kufika Nangurukuru malori yamepanga foleni tangu usiku, Mto Matandu umejaa, maji yanapita juu ya lami.

Sasa kuna watu watasema mvua ya Kusini haina mwenyewe, nani angejua? Hapana. Matandu unatoka huko Liwale. Mvua ikinyesha bara, maji yanakuja kuwakuta watu Kilwa jua likiwaka, na hayafiki kwa dakika moja. Muda huo wote madereva wanapigiana simu. Wa malori wanajua, wauza samaki wa Somanga wanajua. Asiyejua ni abiria tu, ambaye ndiye aliyelipa.

Nilimuuliza wakala kabla sijatoa hela: huko mbele kunapitika? Akanijibu, "Njia safi kaka, wewe panda." Dereva mmoja wa lori pale kwenye foleni akatuambia habari za maji zilishasambaa tangu usiku wa manane. Na linaloniuma kuliko yote: sisi tumekwama pale, ndugu yangu yupo stendi Mtwara ananipigia kwamba kampuni ileile inaita abiria wa gari la jioni. Yaani wanaongeza watu kwenye foleni wanayoijua!

Tumelala ndani ya gari. Konda kaondoka "kuulizia", simu kazima. Maji ya kunywa yamepanda bei, choo ni vichakani, wanawake wanasindikizana gizani. Kiti cha mbele yangu alikaa mzee mwenye karatasi ya rufaa ya Hospitali ya Muhimbili, tarehe yake imempita akiwa pale pale. Binti yake alilia mpaka sauti ikakauka. Huyo mzee angeambiwa ukweli asubuhi, angelala kwake akapiga simu kuomba tarehe nyingine. Hakupewa hata hiyo nafasi.

Na siyo kwamba hatuna somo. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja, TMA, watu wa hali ya hewa, walitangaza mapema. Barabara ikakatika Somanga na kwingine, Kusini ikatengana na Dar kwa siku kadhaa. Njia yetu ni hii moja. Ukitaka kuikwepa uzunguke Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, zaidi ya kilometa 1,500 badala ya kama 560. Kwa hiyo taarifa ya mto kwetu ina uzito kuliko kwa mtu wa Moro au Dodoma mwenye pa kupitia.

Nilipofika Dar nimekwenda ofisini kwao kudai. Wamenionyesha maandishi madogo nyuma ya tiketi: nauli hairudishwi. Sijadai kwa sababu mvua imenyesha. Nadai kwa sababu nimeuliza nikadanganywa.

Ninachotaka ni kitu chepesi. Kabla gari halijapakia, dereva aliyepo mbele apigiwe simu, na jibu lake libandikwe dirisha la tiketi: Matandu vipi, Somanga vipi. Anayetaka kuahirisha aahirishe bila kukatwa hata shilingi.

Mliokuwa kwenye gari lile, msitupe tiketi zenu. Zipigeni picha, mnitumie inbox na namba ya kiti, tuandike barua moja ya pamoja tuipeleke LATRA, wanaosimamia usafiri wa mabasi. Na yeyote aliyewahi kurudishiwa nauli kwa njia hiyo, aeleze hapa alianzia wapi.