MJADALA: Boti za abiria Dar ziishie Magogoni–Kigamboni, au zizunguke mpaka Msasani na Kawe?

Mleta mada (Kibada)

Wakuu habari za jioni. Nimevuka sasa hivi, naandika nikiwa kwenye daladala kwahiyo mtanivumilia uandishi.

Kila siku tukiongelea Kigamboni tunaongelea pantoni kubwa, pantoni mpya, pantoni imeharibika, pantoni imeenda matengenezo. MV Magogoni si ndo hiyo ilipelekwa Mombasa 2023 ikakaa huko mpaka watu wakaacha kuulizia. Sasa mimi nina swali tofauti kidogo. Hivi mtu wa miguu anahitaji pantoni ya nini?

Leo nimesimama pale upande wa Magogoni nikaangalia kwa makini. Pantoni ikigusa gati zinatoka pikipiki kwanza, zimeshawashwa hata kabla mlango haujalala vizuri, afu watu, afu bajaji, afu magari moja moja na yule jamaa wa kupanga anapiga makofi "njoo njoo njoo kata kulia". Siku za bamvu, yaani maji makubwa, yakipwa ule mlango unakuwa mteremko kweli kweli, gari ndogo inashuka kwa mshazari isije ikakwaruza bampa, na wote tunamsubiri huyo mmoja. Halafu kazi ile ile inaanza upya kwa wanaopanda. Kuvuka kwenyewe majini ni dakika tano, ikizidi sana kumi na hapo ni kama kuna meli inaingia bandarini mnaipisha. Yaani muda wetu hauliwi na bahari, unaliwa na mlango.

MV Magogoni inabeba watu 2,000 na magari 60. Watu elfu mbili wanarundikwa nyuma ya geti kusubiri magari 60 yapangwe! Boti ya watu 200 isiyo na gari hata moja inashusha na kupakia wakati pantoni bado inahangaika na fuso la saruji. Ndo maana 2025 boti za Azam Marine zilipoanza kuvusha kwa makubaliano na TEMESA, wakala wa serikali wenye pantoni, mimi nilifurahi, sio kwasababu ya Azam, ni kwasababu kwa mara ya kwanza miguu imetenganishwa na magurudumu.

Sasa naenda mbele zaidi. Kwanini tuishie Magogoni? Anayefanya kazi Masaki anavuka, anapanda gari, anakaa foleni, wakati Masaki iko pale pale baharini. Kwanini kusiwe na boti ya abiria inatoka Kigamboni, inapita Feri hapo hapo Magogoni, inazunguka mpaka ghuba ya Msasani, Kawe, hata Kunduchi? Msimamo wangu ni huo, karibuni tubishane.

Mchangiaji, Kurasini

Daraja la Kigamboni lipo mkuu, tangu Aprili 2016, mita 680, mwenye miguu anapita bure. Panda gari pita darajani uache kulalamika.

Mleta mada

Daraja linakutua Kurasini, mimi kazi yangu Posta. Nikitoka Feri hatua chache niko kituo cha mwendokasi Kivukoni. Daraja zuri sana kwa mwenye gari na wa kwenda Mbagala, sikatai.

Mchangiaji, kazi zake baharini miaka mingi

Naona wengi humu bahari mnaiona mkiwa Coco Beach mnakula mihogo. Ngoja niseme kidogo.

Pale Magogoni unavuka mlango wa bandari, maji yake yametulia kama ya kwenye karai. Ukishatoka nje ukakunja kushoto kufuata Ocean Road hiyo ni habari nyingine. Upepo wa kaskazi sawa, kuna siku bahari inalala unaweza ukamwaga mafuta. Ila subiri upepo wa kusi wa mwezi wa sita na wa saba, hiyo boti yenu ya watu 200 itapigwa ubavuni mwendo mzima, nawaambia watu wenye suti watatapika kabla hata hawajafika usawa wa Daraja la Tanzanite. Na ghuba ya Msasani sio kila sehemu ni kina, kuna miamba, kuna mafungu, maji yakipwa unaona ngalawa zimekaa kwenye mchanga kama zimeegeshwa. Hapa kwetu maji ya bamvu yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maana yake gati ya zege ya kawaida haifai, asubuhi abiria anapanda ngazi, mchana anaruka. Inatakiwa gati inayoelea, inapanda na kushuka na maji, na hiyo ina gharama na inataka matunzo kila siku, sio matunzo ya kukata utepe.

Sijasema haiwezekani. Nimesema msipige hesabu ya barabara juu ya maji.

Mchangiaji, Mbezi

Mmesahau MV Dar es Salaam? Ile ya kwenda Bagamoyo, 2014, karibu bilioni 8 za walipa kodi, boti ya abiria 300, tukaambiwa foleni ya barabara ya Bagamoyo basi tena. CAG, mkaguzi wa hesabu za serikali, akaja kuandika kwamba hata mwendo uliotajwa kwenye mkataba haikuufikia. Mwisho wake ikakabidhiwa jeshini. Leo unataka tuanze tena Kawe na Kunduchi? Kwa hela ya nani?

Mleta mada

Hapo umenishika shati mkuu. Lakini angalia kosa lilikuwa wapi. Boti moja, safari ndefu kuliko zote, kilomita zaidi ya sitini, na ukishuka Bagamoyo bado unatafuta bodaboda. Usafiri wa mjini haujengwi na boti moja. Ukiikosa saa moja asubuhi utaipata lini? Mtu anarudi kwenye daladala yake hata kama ina jam, anajua kila dakika mbili kuna nyingine inapita na konda anamvuta mkono. Mimi naongelea boti nyingi ndogo, safari fupi, zinaondoka bila kujali imejaa au haijajaa.

Mchangiaji, mama mfanyabiashara wa samaki

Wanangu mimi nasoma tu humu ila leo niseme. Ninanunua samaki pale soko la Feri alfajiri nauza Tungi. Ndoo mbili, moja kichwani moja mkononi, na barafu inachuruzika. Hiyo boti ya viti na kiyoyozi mnayoisifia nitapanda na ndoo yangu? Atakayekaa na mimi pembeni atakubali? Pantoni mnaitukana ila pantoni hainiulizi nanuka nini.

Na nauli. Mwaka 2012 ilipopanda kutoka 100 kwenda 200 tulilia, waziri wa ujenzi wa wakati ule akatuambia asiye na mia mbili apige mbizi. Hatujasahau. Mia mbili kwenda mia mbili kurudi, siku 26 za kazi, ni 10,400 kwa mwezi. Mkiniwekea 500 ni 26,000, hiyo ni mtaji wa ndoo nzima. Nyie mnaoenda Masaki mnasema elfu mbili sio kitu, semeni wenyewe.

Mchangiaji, Likoni Mombasa

Salaam ndugu zetu wa Dar. Sisi hapa Likoni wa miguu hatulipi hata ndururu, gari ndizo zalipa. Sasa msidhani bure haina gharama yake. Watu laki kadhaa kwa siku, jua la saa saba, mmefungiwa kwa lile banda la kungojea, feri ikifungua kwanza zatoka mikokoteni mbio na maji na mitumba, "pisha pisha pisha", ukizubaa wakanyagwa kisigino. Nanyi mwasema mwataka kutenganisha miguu na magari, sisi tulijaribu. Serikali ilijenga daraja la kuelea la Liwatoni, likafunguliwa mwanzo wa 2021, la watu wa miguu peke yao. Lakini meli zapita mlango uo huo wa Kilindini, kwa hivyo lafunguliwa asubuhi na jioni, saa nyingine wafunga meli ipite. Baadaye likaondolewa kabisa tukarudi kwa feri. Wazo lilikuwa zuri, mahali ndipo palikuwa na meli.

Na jambo la pili, boti za abiria ziwe na mtu wa kuhesabu watu mlangoni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama hatua chache tu kutoka gatini, wakafa zaidi ya watu 250, na ilikuwa yabeba zaidi ya kiwango. Kuna nyumba kule Mtongwe hadi leo mwezi wa nne haupiti vivi hivi.

Mchangiaji, Ukerewe

Naongezea hapo kwa ndugu wa Mombasa. MV Nyerere, Septemba 2018, karibu kabisa na gati ya Ukara. Uwezo wake watu 101, waliokufa wamezidi 220. Boti kuwa ndogo sio usalama. Mwenye kusema "imejaa, shukeni" akasikilizwa, huyo ndo usalama.

Mchangiaji, Oakland Marekani

Wakuu niko huku San Francisco Bay, napanda boti karibu kila siku ya kazi kwahiyo niwape picha. Kabla ya madaraja kila mtu alivuka kwa feri, na magari yao humo humo. Bay Bridge, daraja la San Francisco na Oakland, ikafunguliwa 1936, Golden Gate 1937, feri zikafa moja moja mpaka 1958 ya Oakland nayo ikakoma. Watu wakasema basi, feri ni mambo ya babu zetu. Afu magari yakajaa. Mwaka 1970 wenye daraja la Golden Gate wenyewe wakarudisha boti ya kwenda Sausalito, maana daraja huwezi kulipanua. Oktoba 1989 tetemeko likapiga, kipande cha Bay Bridge kikaanguka, daraja likafungwa kama mwezi mzima, boti za Oakland na Alameda zikarudi za dharura na mpaka leo zipo.

Hizi ni za watu na baiskeli tu, hakuna gari. Na kadi ni moja, ile ile ya basi na treni ndo unagusa kwenye boti. Lakini sikilizeni kitu muhimu: nauli haitoshi kuziendesha. Sehemu kubwa inatoka kwenye tozo za madaraja, 2018 wananchi walipiga kura kuongeza tozo na fungu lake likaenda kwenye boti. Mwenye gari anamlipia wa miguu, na anakubali kwasababu kila aliye kwenye boti ni gari moja pungufu mbele yake. Ila nami nikubaliane na mama wa samaki, huku wanaopanda boti wengi ni wa ofisini wana laptopu na kahawa. Sijawahi ona mtu na ndoo.

Mleta mada

Huyu wa Oakland kanipa silaha. Sisi tunalo daraja la kulipia pale Kurasini. Shilingi mia tu kwa kila gari iingie kwenye boti za abiria, nauli inabaki 200, mama haongezewi kitu.

Mchangiaji, Temeke

Taratibu mkuu. Lile daraja pesa nyingi ni ya NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 60, serikali 40. Hiyo ni michango ya wafanyakazi, pensheni yangu mimi ipo kwenye zile nguzo. Tozo zenyewe zilishapunguzwa 2022 baada ya watu wa Kigamboni kulia miaka. Leo uchukue tena hapo upeleke kwenye boti, pensheni yangu itarudi lini? Tafuta mfuko mwingine.

Mchangiaji, kazi zake baharini miaka mingi

Nimewasikiliza wote. Kama mnataka ushauri wa mtu anayelijua jua la huko nje, anzeni ndani ya bandari. Kigamboni sio kuvukia Magogoni peke yake. Maji yaliyotulia yapo mpaka huko ndani, Kurasini na mikono yake. Weka gati mbili tatu za kuelea humo humo, boti ziwe nyingi, mjifunze kuzitunza. Msasani subirini, tena iwe na ratiba ya msimu, kusi ikichachamaa boti isitoke na abiria ajue mapema. Na meli zina haki ya njia, boti kumi zikipishana na meli ya makontena lazima kuwe na mtu wa redio asiyelala.

Mleta mada

Hiyo naichukua mkuu, Kunduchi naifuta kwa leo. Kibada, Mji Mwema, Tungi, Gezaulole, sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya laki tatu wilaya nzima, na kila mwaka mashamba yanageuka viwanja. Tukingoja pantoni ya nne na ya tano tutazeekea getini. Msimamo wangu wa miguu na magurudumu kutenganishwa siuachi, ila nakubali boti zianzie maji ya ndani, na ziwe na kadi moja na mwendokasi pale Kivukoni, maana leo kadi ya feri ni N-Card halafu ukivuka barabara unaanza foleni nyingine ya tiketi.

Kwa mama, shikamoo. Swali lako ndo sijapata jibu lake. Nimefikiria boti iwe na sehemu ya nyuma wazi, haina viti, sakafu ya kumwagwa maji, ya mizigo ya mkononi na wenyewe wanasimama nayo, nauli ile ile. Wale wa boti wanisaidie kama inawezekana bila kuharibu mizani.

Mchangiaji, kazi zake baharini miaka mingi

Inawezekana, uzito ukiwa chini na katikati. Ukiweka ndoo zote nyuma boti itakaa matako chini kama bata.

Mchangiaji, mama mfanyabiashara wa samaki

Marahaba mwanangu. Basi katikati. Ila siku mkiileta hiyo boti niiteni kabla hamjapaka rangi, nije na ndoo zangu zikiwa na barafu nipande nishuke mara tatu, maji yakiwa yamekupwa.