Mrejesho: Ile warsha ya uchawi wa keosi, nilienda

Wakuu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri kama niende kwenye warsha ya uchawi wa keosi (chaos magic, mkondo wa uchawi wa kisasa) hapa London. Nilihofia viapo, damu na kutapeliwa. Wengi mlinikataza. Nilienda.

Tulikuwa 9, chumba kidogo juu ya duka la vitabu, chai mezani. Hakuna kiapo, hakuna kuku. Mwalimu alisema mkondo huu ulianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa akina Peter Carroll na Ray Sherwin, na kwamba kwao imani ni chombo tu: unakishika, unakitumia, unakiweka chini. Hapo nilishtuka kweli. Kwetu Tanga mizimu haichaguliwi kama nguo.

Kisha tukafanya sigili, mbinu iliyotokana na mchoraji Austin Osman Spare (1886–1956). Unaandika haja yako, unafuta herufi zinazojirudia, zinazobaki unazifuma ziwe alama moja. Niliandika NATAKA USINGIZI MZURI, zikabaki 11. Yangu ilitoka kama nanga. Unaikazia macho mpaka akili itulie, halafu unaichoma na kuisahau. Mama mmoja, muuguzi, alilia karatasi yake iliposhika moto. Nilimshika mkono, hatukuulizana kitu.

Watu wa namna hiyo ndio niliokuwa nawatafuta muda mrefu. Watatu tumepatana kukutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Usingizi bado unakatika saa tisa usiku, ila sasa nalala taa ikiwa imezimwa.