Doa la oili, kutu na ukoga kwenye zege la njia ya gari: nianzie wapi?

Kizingiti (mwenye uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaolijua zege. Njia ya gari ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 9, zege tupu lisilopakwa chochote. Kuna doa jeusi la oili ya injini, la siku nyingi, kama sentimita 40 kwa 60. Kutu iko sehemu mbili: miduara midogo palipokaa viti vya chuma, na mstari wa rangi ya chungwa unaofuata ufa mwembamba. Upande wa kivuli kuna ukoga wa kijani unaoteleza. Sabuni ya unga na brashi vimetoa vumbi tu. Nimeambiwa nimwage tindikali kali kote, kisha nipige mashine ya presha. Ni sahihi?

Nondo na Kokoto

Hapana, usimwage. Tindikali ya haidrokloriki haiyeyushi oili kabisa. Inachokula ni saruji, yaani ile gundi inayoshika mchanga na kokoto. Ukiimwaga juu ya doa la oili, mafuta yanaikinga saruji ya chini yake na tindikali inashambulia pembeni palipo safi. Utabaki na doa lilelile, limezungukwa na zege lililokwaruzika, lenye vinyweleo vilivyo wazi zaidi kunywa uchafu ujao.

Shika mpangilio huu: oili kwanza zege likiwa kavu, halafu kutu, mwisho ukoga na kuosha kote. Ukianza kwa maji, vinyweleo vinajaa na dawa ya kuvuta oili haipati pa kuingia.

Bi. Rojo

Nianze na hiyo oili, maana ndiyo kazi yenyewe. Zege hunywa mafuta. Brashi inafika juu tu, na oili ya siku nyingi imeshashuka ndani, kwa hiyo inabidi ivutwe itoke. Kinachoivuta ni bandiko la rojo.

Pasua doa kwanza kwa digrisa, yaani dawa ya kuondoa grisi na mafuta: mimina bila kuchanganya na maji, iache dakika 15 hadi 20 bila kukauka, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki, suuza kwa maji ya moto. Usitumie brashi ya waya wa chuma. Vipande vyake hunasa kwenye zege na kuzaa kutu mpya. Acha pakauke kabisa, siku mbili za jua zinatosha.

Kisha chukua poda inayonyonya: talki, unga wa chaki au udongo mweupe wa kaolini. Changanya na tapentaini ya mafundi rangi kidogo kidogo mpaka upate rojo zito linalosimama kwenye mwiko bila kutiririka. Kwa doa lako, unene wa milimita 6 unahitaji kama lita mbili na kidogo za rojo. Lipake lipite ukingo wa doa kwa sentimita 5 kila upande, funika kwa nailoni, bana kingo kwa utepe wa gundi, acha saa 24. Baada ya hapo funua na uache likauke lenyewe. Watu wengi hukosea hapa: wanafunua na kukwangua papo hapo likiwa bado bichi. Ni wakati wa kukauka ambapo kimiminika kinapanda juu kikibeba oili na kuiacha ndani ya poda. Likishapasukapasuka na kugeuka rangi ya kahawia, kwangua kwa kipande cha mbao.

Doa la siku nyingi hutaka mara mbili au tatu. Kupima, dondosha kijiko cha maji katikati. Matone yakisimama kama juu ya jani la gimbi, mafuta bado yapo. Maji yakizama na zege likawa jeusi kwa unyevu, umemaliza, hata kama kivuli hafifu kimebaki.

Tapentaini inashika moto na mvuke wake unaumiza kichwa. Hakuna sigara wala jiko karibu, na rojo lililotumika lisiingie mtaroni.

Mpiga Deki

Mafuta ya taa si rahisi zaidi? Yanayeyusha oili haraka.

Bi. Rojo

Yanaiyeyusha kweli, ndugu, lakini yenyewe ni mazito, hayaruki upesi. Yanaifanya oili kuwa nyepesi, inatanuka na kuzama zaidi, na doa la sentimita 60 linakuwa la mita. Petroli usiifikirie kabisa, mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo.

Nondo na Kokoto

Kutu ya viti inatoka kwa tindikali ya oksaliki: gramu 100 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Lowesha zege, paka, acha dakika 20 hadi 30, sugua, suuza kwa maji mengi. Ikigoma, tengeneza rojo, ila safari hii tumia talki au kaolini, si chaki, kwa sababu chaki inaiua tindikali kabla haijafika kwenye kutu. Vaa glavu na miwani, ni sumu. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana.

Na nakuomba sana, usiweke klorini juu ya kutu. Haiitoi, na ikikutana na tindikali yoyote inatoa gesi inayochoma mapafu. Suuza mpaka tindikali iishe kabisa kabla ya kufikia hatua ya ukoga.

Huo mstari unaofuata ufa ni habari nyingine. Kuna uwezekano mkubwa nondo ya ndani inapata maji. Utausafisha leo na utarudi. Gonga pembeni kwa nyundo ndogo: ukisikia mlio wa utupu, zege limeachana na nondo na linahitaji fundi kabla ya usafi.

Mpiga Deki

Ukoga: klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji 3, dakika 15 bila kukauka, sugua, suuza. Mimea ya pembeni imwagie maji kabla na baada. Mashine ya presha usizidishe baa 200 (kipimo cha presha), tumia ncha ya digrii 25, umbali wa sentimita 30, mkono usisimame. Ncha ya digrii sifuri inachora mistari isiyofutika.

Kizingiti (mwenye uzi)

Nashukuru sana wakuu. Nimegonga ufa, mlio ni mgumu kote. Je, nikimaliza kuosha naweza kupaka dawa ya kuzuia madoa siku hiyohiyo?

Bi. Rojo

Subiri. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 juu ya zege, ziba kingo zote, kiache saa 16. Ukikuta matone upande wa ndani au zege limegeuka jeusi, bado lina maji. Likiwa kavu, paka dawa ya sileni au siloksani inayozama ndani, na sehemu ya oili iwe ya mwisho kukaguliwa kwa tone la maji, kwa sababu dawa haiingii palipo na mafuta.

Nondo na Kokoto

Na ule ufa uzibe kwanza kwa kijazio kinachonyumbuka, ndipo upake.