PVC ya kubandika inavimba na gundi imegeuka ute: kosa la gundi au la zege?

Zege25 ameuliza:
Wakuu, salaam. Chumba ni mita 4 kwa 5, cha chini, jamvi la zege sm 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa, limepigwa niru (tope la saruji tupu la kulainisha uso) likawa linateleza. Wiki 6 baada ya kumwaga zikabandikwa PVC (plastiki ya sakafu) za vipande kwa gundi ya maji. Miezi mitatu mbele maungio yanafunguka na katikati ya chumba kuna mavimbe. Ukibandua kipande, gundi inavutika kama kamasi, imegeuka kahawia, na kwenye kingo kuna chumvi nyeupe. Kabla ya kubandika zege lilikuwa jeupe, kavu kwa mkono, na plastiki iliyolazwa usiku kucha haikutoa hata tone. Nailoni ya chini ipo, juu yake mchanga sm 5, kisha zege. Nibadilishe gundi tu?

Mwiko_wa_Chuma:
Gundi usiiguse kwanza. Hiyo ni dalili, ugonjwa uko chini.

Fanya hesabu. Zege lenye saruji kilo 350 kwa mita ya ujazo, maji nusu ya uzito wa saruji, lina lita 175 za maji. Kwa jamvi la sm 10 ni lita 17.5 kila mita ya mraba. Saruji yenyewe inafunga kikemikali kama lita 8 hivi, zinazobaki zimekaa kwenye vitundu, zikisubiri njia ya kutoka. Chini kuna nailoni, kwa hiyo njia ni moja tu, juu. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila mm 25 za unene, na hesabu inaanza siku paa limefungwa na umeacha kulimwagilia, si siku ya kumwaga. Hapo ulihitaji kama miezi 4. Wiki 6 hazikutosha hata nusu ya safari.

Niru nayo imeongeza balaa. Imeziba vitundu vya juu, zege likakauka ngozi tu huku nyama ikiwa mbichi. Ulipofunika kwa PVC, maji ya chini yakapanda na kujisambaza sawasawa hadi juu. Yamekuja na magadi ya saruji. Zege bichi lina pH (kipimo cha ukali wa magadi au asidi) ya 12 na zaidi, na gundi nyingi za maji haziwezi kuvumilia hapo, zinavunjika na kurudi ute. Chumvi nyeupe uliyoiona ni alama ya njia ile ile.

Mchanga juu ya nailoni ni kosa la kawaida sana. Ukinyeshewa kabla ya kumwaga, au ukinywa maji ya zege, unakuwa sifongo iliyofungiwa ndani. Zege limwagwe moja kwa moja juu ya nailoni.

KipimoKwanza:
Nakubaliana na aliyetangulia. Naongeza kuhusu plastiki. Kipimo kile cha sm 45 kwa 45, kilichobandikwa kwa utepe pande zote nne, saa 16 au zaidi, kikionyesha maji una tatizo. Kisipoonyesha, hujajua kitu. Kinasoma ngozi ya juu, tena hasa kama sakafu ni ya baridi kuliko hewa ya chumba, mvuke haugandi.

Kipimo cha kuaminika ni cha unyevu ndani ya zege (ASTM F2170, kiwango cha upimaji cha Marekani). Kwa jamvi linalokauka upande mmoja, toboa hadi asilimia 40 ya unene, yaani mm 40 kwa sm 10. Kina hicho ndicho kinachokupa hali itakayokuja kuwa juu sakafu ikishafunikwa. Jamvi la ghorofa linalokauka juu na chini, toboa asilimia 20. Drili kavu, bila maji. Piga brashi shimo, vuta vumbi lote, ingiza kibomba cha kipima unyevu, ziba mdomo, acha saa 24 ndipo usome. Matundu 3 kwa mita 100 za mraba za kwanza, moja zaidi kwa kila 100 zinazofuata. Chumba kiwe kwenye joto na unyevu wa matumizi yake ya kila siku, la sivyo namba inadanganya.

Namba ya kufaulu iko kwenye karatasi ya gundi, si kichwani mwa fundi. Nyingine zinataka unyevu usiozidi asilimia 75, nyingine 85, chache zinavumilia 95.

Na pH usiisahau: dondosha juu ya zege maji yaliyokenekwa, duara kama sarafu, subiri sekunde 60, chovya karatasi ya pH. Maji ya bomba yatakupotosha.

Zege25:
Asante sana. Je, nitajuaje kama ni maji ya zege lenyewe au yanatoka ardhini?

Mwiko_wa_Chuma:
Angalia ramani ya uharibifu kabla hujang'oa. Ukifuata ukuta wa nje, shuku ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu au maji ya paa yanamwagikia msingini. Ukifuata mstari mmoja, shuku bomba: funga koki zote, tazama mita ya maji saa mbili. Ukienea chumba kizima kama wako, ni zege au nailoni iliyotobolewa. Ng'oa zote, toboa na upime kama alivyoeleza KipimoKwanza, acha wazi wiki 3, pima tena kwenye matundu yale yale. Namba ikishuka, ni maji ya zege. Ikigoma, au ikipanda mvua ikinyesha, yanatoka chini.

Fundi_Epoksi:
Marekebisho, kwa mpangilio ninaouamini:

Ng'oa PVC na kwangua gundi yote. Tahadhari kwa majengo ya zamani: gundi nyeusi ya lami huenda ina asbesto, usiisage kavu, ipimwe kwanza. Usitumie tindikali kusafisha, inaacha chumvi na maji mengine ndani ya zege.

Ondoa niru yote kwa mashine ya kurusha chembe za chuma au ya meno ya almasi, mpaka uso ukwaruze mkono kama msasa wa kati. Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa. Epoksi (utomvu wa kuzibia unaopakwa hatua inayofuata) juu ya niru inabanduka na ngozi ya niru ikiwa imeshikamana nayo chini. Ukiona kipande kilichobanduka kina unga wa kijivu mgongoni, hukusaga vya kutosha.

Ziba nyufa, vuta vumbi mara mbili, kisha epoksi ya sehemu mbili isiyo na kiyeyusho, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzuia unyevu. Si rangi ya epoksi. Lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni mm 1, kwa hiyo ukitaka mm 0.4 kwenye mita zako 20 unahitaji lita 8, weka 9. Gawa mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, maana tundu moja la sindano linatosha kupitisha mvuke. Paka joto la zege linaposhuka, alasiri. Ukipaka asubuhi zege likipata joto, hewa inapanuka na kutoboa mapovu. Zege liwe nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji), na lisiwe na maji ya kuonekana.

Juu yake praima inayokubaliana na epoksi, saruji ya kujisawazisha, ndipo gundi.

Pembe_Nne:
Kwa nini msimwambie atandike plastiki mm 0.2 na lamineti ya kuelea (vibao vinavyolazwa bila gundi)? Nafuu mara kumi.

Fundi_Epoksi:
Inawezekana kwa sakafu ya kuelea, maungio ya plastiki yapishane sm 20 na kubandikwa, na mm 10 zibaki wazi kwenye kuta. Ila kama maji yanatoka chini mfululizo, mvuke utatafuta kingo, na ukungu utaanzia kwenye vibao vya ukutani. Kwa PVC ya gundi haiwezekani kabisa. Kama bajeti haitoshi epoksi, bora vigae vya kauri kwa gundi ya saruji, vinavumilia unyevu kuliko PVC. Chumvi itaonekana kwenye maungio, lakini havitavimba.

KipimoKwanza:
Kwa wanaojenga upya: kokoto safi sm 10 zisizo na vumbi, nailoni ya mm 0.25 au zaidi, ipishane sm 15 na kubandikwa kwa utepe, kila bomba lizungushiwe, na vibarua wasiitoboe kwa vigingi. Maji lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, ukitoa yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Ndoo moja ya lita 20 ikiongezwa kwenye mita ya ujazo "ili lilainike" inapandisha uwiano kutoka 0.50 hadi karibu 0.56, na yote itabidi ikauke kupitia juu. Likomazwe kwa kufunikwa plastiki siku 7, si kwa dawa ya nta, ambayo inazuia maji kutoka na gundi kushika.