Tupeane uzoefu: muziki wa okestra ulikuingiaje, na kazi ipi ungempa anayeanza?

Besi wa Kwaya (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauweka kwa ajili ya muziki wa watunzi wa zamani wa Ulaya, kina Handel, Bach, Beethoven na wenzao. Kila mmoja aseme uliingia kwake kwa mlango gani, kisha ataje kazi moja ambayo angemsikilizisha mtu ambaye hajawahi kukaa chini na kuusikiliza kwa kukusudia.

Naanza mimi. Ni mwimbaji wa besi, kwaya ya kanisani, na mlango wangu ni Haleluya Kuu. Handel aliiweka ndani ya Messiah, kazi ya zaidi ya saa mbili aliyoiandika mwaka 1741 kwa muda wa kama wiki tatu, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwezi wa nne 1742. Sisi tuliisoma kwa do re mi za chaki ubaoni. Kila sauti na kona yake: soprano ndani, alto barazani, teno upande wa ofisi, besi chini ya mwembe. Ukijifunza sauti yako peke yake unaona kama haina utamu wowote. Utamu unakuja siku mwalimu anapowaunganisha.

Pale kwenye "Mfalme wa wafalme" soprano wanashikilia noti moja ndefu, sisi wa chini tunawajibu "milele na milele", wao wanapanda juu kidogo, tunajibu tena, wanapanda tena. Mpaka leo nikifika hapo mwili unasisimka. Halafu karibu na mwisho Handel ameweka kituo: sauti zote na vyombo vyote vinakatika ghafla, kimya, ndipo haleluya ya mwisho inaingia taratibu na kwa upana wake wote. Mwalimu wetu alikuwa anatukazia macho pale kuliko mahali pengine popote, maana kila mazoezi palikuwa na teno mmoja wa kudumbukia kwenye kile kimya.

Miaka ilipita ndipo nikaisikia ikiwa na okestra kamili, tarumbeta na ngoma za timpani. Nikaelewa kinanda chetu kilikuwa kinabeba kazi ya watu wangapi.

Kwa anayeanza, nampa "Amen" inayofunga Messiah. Wanaanza besi peke yao, wanafuata teno, alto, kisha soprano, kila mmoja na wimbo uleule. Baadaye waimbaji wananyamaza, fidla zinauchukua. Sikiliza ukifuata sauti moja tu, kisha rudia ukifuata nyingine. Karibuni.

Shabiki wa Jumatano
Mkuu asante kwa uzi. Mimi sijawahi kuimba kwaya, mimi ni mtu wa mpira. Niliupatia banda umiza, huku Mwanza. Timu zimejipanga mstari, watu wametulia, ule wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya unaanza. Kuna wenzangu wakiukosa wanaona mechi kama haijakamilika.

Nikaja kufahamu kwamba Tony Britten aliyeutengeneza mwaka 1992 aliutoa kwenye kazi ya huyuhuyu Handel, Zadok the Priest, iliyotungwa kwa kutawazwa Mfalme George wa Pili wa Uingereza mwaka 1727. Tangu hapo imeimbwa kila anapotawazwa mfalme au malkia wao, hata 2023 kwa Charles. Maneno yake yametoka 1 Wafalme sura ya kwanza, Sadoki kuhani na Nathani nabii wanampaka Sulemani mafuta.

Ushauri wangu: usiruke mwanzo. Fidla zinazunguka pole pole zaidi ya dakika nzima, zinapanda, unadhani sasa, bado, unadhani sasa, bado. Kwaya inapoingia inaingia kwa sauti saba kwa pamoja. Nilimsikilizisha jirani yangu fundi pikipiki, akaniomba nimrushie kwenye simu palepale.

Masafa Mafupi
Vijana hamjambo. Mimi ni mstaafu, niko Tanga. Mlango wangu ulikuwa redio. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza 1963, na sisi tuliokuwa tunaitafuta kwenye masafa mafupi tulikuwa tunakutana kwanza na mlio mdogo, kama kengele za kioo, unajirudia mpaka matangazo yaanze. Ndio uliokuwa unatuambia tumefika. Unazungusha kitufe kidogo kidogo, mikwaruzo, Kiarabu, Kirusi, mikwaruzo tena, halafu hiyo kengele. Baba alikuwa akiisikia anaita nyumba nzima.

Ule mlio ni wa Beethoven. Umetoka kwenye Fidelio, opera yake pekee (mchezo wa jukwaani unaoimbwa), pale waziri anapofika gerezani na kuimba kwamba ndugu amekuja kuwatafuta ndugu zake. Nilipolijua hilo nilikuwa mtu mzima, nikaitafuta opera nzima. Ni habari ya mke aliyejivika nguo za kiume, akaomba kazi gerezani ili amwokoe mumewe aliyefungwa kwa hila.

Nendeni moja kwa moja kwenye kwaya ya wafungwa. Andikeni "Fidelio O welche Lust". Wafungwa wanaruhusiwa kutoka uani kupata hewa. Hawapigi kelele za furaha. Wanaanza chini kabisa, sauti moja moja, kama watu ambao macho hayajazoea mwanga, na katikati mmoja anawaonya wenzake waseme polepole kwa sababu wanasikilizwa. Mimi nimefiwa, nimestaafu, nimeona mengi, na bado kipande hicho nakisikiliza peke yangu mlango nikiwa nimeufunga.

Besi wa Kwaya
Shikamoo mzee wangu. Huo mlio wa redio nimeukuta nyumbani kwa babu, sikuwahi kujua ni wa Beethoven. Ubarikiwe.

Masafa Mafupi
Marahaba mwanangu.

Bado Nasinzia
Wakuu samahanini, naomba msaada wa kweli. Nimejaribu simfoni, zile kazi ndefu za okestra, mara kadhaa, nasinzia. Mimi nimekulia kwenye ngoma, nisiposikia mapigo nakosa pa kushika. Na bando langu ni dogo, siwezi kujaribu saa nzima ya kitu nisichokijua.

Besi wa Kwaya
Basi anza na Boléro ya Ravel, ya 1928. Kama robo saa tu. Ngoma moja ndogo inapiga mapigo yaleyale tangu sekunde ya kwanza mpaka mwisho, haibadiliki. Juu yake kuna wimbo unaopokezanwa: filimbi, klarineti, na wengine kwa zamu, kila mara wanaongezeka, mpaka okestra nzima imesimama juu ya ile ngoma moja. Angalizo: mwanzo ni wa sauti ya chini mno. Usiongeze hedifoni hadi juu, utajuta mbele.

Fidla ya Forodhani
Assalaam alaykum. Kwetu Unguja okestra si jambo geni. Sultani Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na ukikaa mbele ya kundi la taarabu asilia unaona fidla, chelo, besi kubwa la nyuzi, kanuni, udi, nei. Mimi nimelelewa humo, nikajifunza fidla.

Tofauti niliyoihisi ni hii. Katika taarabu fidla zote tunakwenda na wimbo mmoja, kila mtu anautia nakshi zake, na ladha iko kwenye maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Kwenye maqamu ya rasti au bayati kuna sauti ambayo kwenye piano haipo kabisa, inakaa katikati ya vitufe viwili. Kwa Bach maqamu hayo huyapati, lakini unapata watu wawili wanaosema mambo mawili kwa wakati mmoja na hawagombani.

Kwa hiyo mimi natoa konsato yake ya fidla mbili, D mainari, sehemu ya pili, ile ya polepole. Ya chini inaanza, ya juu inaijibu, moja inashikilia huku nyingine inasogea, kisha wanabadilishana. Tulipokuwa tunaifanyia mazoezi, mwenzangu alikuwa mwanafunzi mdogo kuliko mimi, na mwalimu alituketisha tukitazamana ili tusikilizane pumzi. Mtu aliyezoea majibizano ya mwimbaji na fidla katika taarabu ataielewa papo hapo.

Mama Viola
Habari zenu, niko Nairobi. Kwangu mlango ni watoto wa mtaa wetu. Korogocho kuna Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa 2008 na Elizabeth Njoroge, watoto wanafunzwa karibu kabisa na dampo la Dandora. Mpwa wangu alipewa viola, ndugu mkubwa wa fidla. Siku za mwanzo nyumbani ilikuwa ni mkwaruzo tu, majirani wakauliza. Sasa wakija wageni wao ndio wanamwitisha apige.

Yeye ndiye alinionyesha simfoni ya 9 ya Dvořák, iliyopigwa mara ya kwanza New York 1893. Huyu alikuwa mtu wa Bohemia, Ucheki ya leo, aliyeenda kufundisha Marekani, na kule akawa anamsikiliza mwanafunzi mweusi wa chuo chake, Harry Burleigh, akimwimbia nyimbo za watumwa. Aliwaambia Wamarekani waziwazi kuwa muziki wao ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi. Skizeni sehemu ya pili. Kuna chombo cha kupuliza kinaitwa koranglee, sauti yake ni ya puani kidogo, ya mtu aliye mbali na kwao. Kila mtu mwenye ndugu Ghuba au Ulaya anamjua huyo mtu.

Zamu ya Usiku
Nachangia fupi. Mimi ni mlinzi, nasikiliza usiku. Haydn, simfoni namba 45, ya 1772. Mwanamfalme aliyemwajiri aliwashikilia wanamuziki kwenye jumba lake la mashambani kupita muda, wake zao wako mjini. Haydn hakuandika barua. Aliandika simfoni ambayo mwishoni wapigaji wanamaliza sehemu zao mmoja mmoja, wanazima mshumaa, wanaondoka. Zikabaki fidla mbili. Mwanamfalme akaelewa, kesho yake watu wakafungasha. Aliye mbali na familia kwa sababu ya kazi aisikilize hiyo.

Bado Nasinzia
Nimerudi. Boléro nimeimaliza, tena nimerudia. Kule mwisho ghafla ni kama muziki wote umehamishwa nyumba, nikasimama. Nipeni nyingine yenye mapigo, ila yenye huzuni safari hii.

Masafa Mafupi
Beethoven, simfoni ya saba, sehemu ya pili. Taa, ta-ta, taa, taa. Hayo ndiyo mapigo yako, yanaanza na vyombo vya nyuzi vya sauti ya chini. Ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, 1813, watu walitaka sehemu hiyo irudiwe palepale. Ni kama dakika nane, bando litatosha.