Biblia yenye maelezo ya Mababa wa Kanisa: ninunue ama niache?

Mhubiri_Katuba

Jambo ndugu zangu wote. Niko Lubumbashi, mhubiri mlei katika kanisa la Kimetodisti, na Jumatano jioni ninaongoza kikundi cha Biblia. Tunasoma kwa Kiswahili, wakubwa kwa vijana. Sasa kuna baba mmoja anayevuka Kasumbalesa kwenda kununua vitu Zambia, amekuja na Biblia nzito ya Kiingereza. Chini ya kurasa kuna maneno ya Wakristo wa zamani: Ireneo, Origene, Atanasi, Krisostomo, Augustino. Ndani imeandikwa Holman, 2019. Anaomba dola 60, na juu yake ati "transporti".

Kiingereza ninasoma pole pole, kamusi pembeni. Hizo ni falanga za kutoa kweli? Na hao wazee, watanifaa kwenye mahubiri ama watanichanganyia watu? Kesho anapita tena nyumbani, nitaishika kwa muda kidogo. Niangalie nini?

Katekista_wa_Kenya

Baba Mhubiri, salamu toka hapa Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi, wasomaji wa mbali msije mkanitafuta Nairobi). Jua kwanza imetoka kwa nani. Holman ni wachapishaji wa Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, kwa hiyo ndani kuna vitabu 66 tu. Tobiti, Hekima, Yoshua bin Sira, Makabayo hutaviona. Augustino alivihesabu kuwa Maandiko na alivitumia akihubiri. Wewe Mmetodisti haitakunyima usingizi, lakini siku ukikuta ananukuu Hekima, hutakuwa na mahali pa kuifungua.

Moto_Ruashi

Mimi sioni haja. Roho Mtakatifu hakustaafu karne ya 5. Dola 60 ni unga wa nyumba nzima, mtumishi. Funga, omba, soma Neno.

Mwanafunzi_Teolojia

Pasta, kwa heshima yako yote: orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, wa kwanza tunayemjua kuiandika kama tulivyo nayo leo ni Atanasi wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367. Unawafukuza wazee halafu unabaki na urithi wao mkononi?

Yaya (kaka yangu) Mhubiri, usipoteze muda kwenye dibaji. Fungua Luka 10, Msamaria mwema. Origene anaeleza, kwa kumtaja mzee mmoja aliyemtangulia, kwamba aliyeanguka ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni ulimwengu, wanyang'anyi ni nguvu za uovu. Kuhani ni Torati, Mlawi ni manabii, Msamaria ni Kristo. Mnyama aliyembeba majeruhi ni mwili wa Bwana, nyumba ya wageni ni Kanisa, dinari mbili ni Baba na Mwana. Ukija kwa Augustino, dinari zilezile zinakuwa amri mbili za upendo, na mwenye nyumba anakuwa mtume Paulo.

Ukihubiri hivyo Katuba, mama mmoja atainua mkono: "Kwa hiyo yule aliyepigwa na wezi pale kwenye avenyu tumpite tu, maana ni Adamu?" Na ana haki ya kuuliza. Ila Origene mwenyewe, mwishoni mwa hotuba hiyohiyo, anasema tunaweza kumwiga Kristo, kuwaendea walioangukia mikononi mwa wanyang'anyi na kuwafunga vidonda. Kwa hiyo angalia kama hiyo Biblia imekupa na mkia huo. Ikiwa wamekata wakaacha mafumbo peke yake, basi wamekuuzia nusu ya mzee.

Katekista_wa_Kenya

Hapo umesema. Baba, pima na Mathayo 16:18, "juu ya mwamba huu". Sipriani wa Kartago anashika Petro, chanzo cha umoja wa Kanisa. Krisostomo anasema mwamba ni imani aliyoikiri Petro. Augustino uzeeni, alipokuwa akipitia upya maandishi yake, anaeleza kwamba aliwahi kusema ni Petro, baadaye mara nyingi akasema ni Kristo ambaye Petro alimkiri, na anamwachia msomaji achague. Mimi Mkatoliki ninakuambia hivyo bila kuficha. Ukikuta sauti moja tu kwenye mstari huo, jua mhariri amekuchagulia.

Dada_Antiokia

Mimi Mworthodoksi. Iko na nyingine ya Kiingereza ya kwetu, nzima ilitoka 2008, Agano lake la Kale linafuata Septuaginta, ile tafsiri ya kale ya Kigiriki. Lakini maelezo mengi yameandikwa na wahariri wa siku hizi kwa kufuata Mababa, si maneno ya Mababa wenyewe. Kaka, uliza hilo la kwanza kabisa: kila kipande kimetaja ni nani, na katika kitabu gani? "Augustino" peke yake haitoshi, yule mzee ameandika mno.

Na kama unasoma Kifaransa vizuri, homilia (mahubiri) 90 za Krisostomo juu ya Mathayo zimo mtandaoni bure, tafsiri ya karne ya 19. Lugha yake ni ya kizee lakini inaeleweka. Hotuba zake dhidi ya Wayahudi ukikutana nazo, usizisome mbele ya watu hivihivi. Ni kali vibaya.

Mhubiri_Katuba

Aksanti sana, yaya zangu na dada. Kifaransa kinanipita vizuri kuliko Kiingereza, hilo la homilia sikulijua kabisa. Leo usiku ninapakua. Kesho nitafungua Luka 10 na Mathayo 16 mbele yake, na nitaangalia kama wametaja vitabu. Ikipita, nitatoa 40.

Mwanafunzi_Teolojia

Anza na 30. Na hiyo transporti usimlipe, alikuwa anavuka kwa mambo yake.

Moto_Ruashi

Ukishainunua, mtumishi, uniazime wiki moja. Nataka kumwona huyo Atanasi.